Kodi za gari la umeme Uingereza: jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kutia saini

Hadi tarehe 31 Machi 2025, mwenye gari la umeme Uingereza hakutozwa hata peni moja ya kodi ya barabara. Kuanzia siku iliyofuata anatozwa. Bado yapo matangazo ya magari ya mitumba yanayodai "kodi bure", na wapo wanaoyaamini mpaka barua ya DVLA, wakala wa serikali wa usajili wa magari, inapofika mlangoni. Kodi ya gari la umeme sasa inategemea mambo matatu: siku gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, bei yake ya orodha lilipokuwa jipya, na liko mikononi mwa nani: wewe binafsi, mwajiri wako, au biashara yako. Ukiyajua hayo matatu, hesabu yote unaifanya mezani kwa dakika chache, na mara nyingi utagundua kwamba magari mawili yanayofanana kila kitu yanatofautiana kwa zaidi ya pauni 2,000.

Hesabu zilizomo humu ni za gari la betri pekee. Haibridi, hata ile ya kuchomeka, ina viwango vyake, usizichanganye. Viwango vya kodi ya barabara ni vya mwaka wa 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2026, na hupanda kidogo kila Aprili kufuata mfumuko wa bei.

Anza na tarehe ya usajili

Chukua namba ya gari, ingia tovuti ya serikali ya GOV.UK, fungua ukurasa wa kuangalia kama gari limelipiwa kodi. Ni bure na hauhitaji akaunti. Soma mistari miwili: tarehe ya usajili wa kwanza, na aina ya nishati, ambayo lazima iwe umeme peke yake. Kisha tafuta gari lako liko kundi gani.

Lililosajiliwa kati ya 1 Machi 2001 na 31 Machi 2017 linalipa pauni 20 kwa mwaka. Humu ndimo zilimo Nissan Leaf za mwanzo, na kwa mtu wa safari fupi za mjini hakuna kodi nafuu kuliko hii. Lililosajiliwa kati ya 1 Aprili 2017 na 31 Machi 2025 linalipa pauni 195. Lililosajiliwa 1 Aprili 2025 au baadaye linalipa pauni 10 mwaka wa kwanza, halafu pauni 195 kila mwaka.

Usiikadirie tarehe kwa kutazama kibao cha namba. Vibao vyenye "25" vilianza kutolewa 1 Machi 2025, kwa hiyo gari lenye 25 linaweza kuwa la Machi, kabla ya sheria mpya, au la Aprili na kuendelea. Kibao cha kununua, chenye jina au herufi za mwenyewe, hakikuambii chochote kuhusu umri. Tarehe iliyo kwenye rekodi ya DVLA ndiyo inayohesabika.

Tofauti ya Machi na Aprili ni kubwa kwa sababu ya nyongeza ya magari ya bei ghali. Gari la umeme lililosajiliwa tangu 1 Aprili 2025, ikiwa bei yake ya orodha inavuka kiwango kilichowekwa, linaongezewa pauni 425 kwa mwaka, kuanzia mwaka wa pili hadi wa sita. Kiwango hicho kilikuwa pauni 40,000. Bajeti ya Novemba 2025 ilikipandisha kwa magari ya umeme hadi pauni 50,000 kuanzia Aprili 2026. Basi chukua magari mawili ya bei ya orodha pauni 55,000, moja lilisajiliwa 28 Machi 2025, la pili 3 Aprili 2025. La kwanza linalipa 195 tu. La pili, ukifika mwaka wa pili, ni 195 na 425, jumla pauni 620, na nyongeza peke yake kwa miaka mitano ni pauni 2,125, bila kuhesabu kupanda kwa viwango. Ukilinunua likiwa na miaka mitatu, miaka iliyobaki ya nyongeza unairithi wewe.

Bei ya orodha ni ile iliyotangazwa kabla ya usajili wa kwanza, kodi ya VAT ikiwemo. Sio bei uliyolipa. Punguzo ulilopewa na muuzaji halihesabiwi, na vitu vya ziada vilivyofungwa kiwandani, kama paa la kioo au magurudumu makubwa, vinaweza kulivusha gari mpaka. Ukiwa unanunua jipya linalokaribia pauni 50,000, mwambie muuzaji akupe bei ya orodha kwa maandishi, pamoja na kila kilichoongezwa, kabla hujachagua rangi.

Kulipa, kununua na kuuza

Kulipa kwa mara moja mwaka mzima ni pauni 195. Ukichagua makato ya benki ya kila mwezi, au mara mbili kwa mwaka, unaongezewa asilimia 5, jumla inakuwa pauni 204.75. Ukilipa miezi sita kwa kadi badala ya makato ya benki, nyongeza ni asilimia 10. Kwa gari la pauni 620, asilimia 5 ni pauni 31, na hiyo ni hela ya kuangalia.

Ukinunua gari kwa mtu, kodi yake haiji nalo. Utaratibu huo ulifutwa Oktoba 2014, lakini watu bado wanaendesha wakidhani iliyolipwa inawafunika. Kabla hujaondoa gari pale ulipolinunua, chukua kile kipande cha kadi ya gari anachopewa mmiliki mpya, V5C/2, chenye namba ya tarakimu 12, ingia mtandaoni ulipe papo hapo. Hata kama kodi ingekuwa sifuri lazima uiombe: gari lisilo na kodi iliyosajiliwa linahesabika halina kodi, na barua ya faini ya pauni 80 hutolewa na mashine, haina wa kumbembeleza.

Muuzaji anarudishiwa miezi kamili iliyobaki tu, kuanzia siku DVLA inapopokea taarifa. Mnunuzi naye anaanza kulipia tangu tarehe 1 ya mwezi anaolipa. Kwa hiyo mwezi wa mauzo unalipwa mara mbili. Ukiwa muuzaji, toa taarifa mwisho wa mwezi. Ukiwa mnunuzi, chukua gari siku za mwanzo wa mwezi. Ile asilimia 5 ya makato hairudishwi.

Gari la kupitia kazini

Hapa ndipo serikali ilipoweka unafuu mkubwa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza kwa kutia saini haraka. Mpango unaitwa salary sacrifice: unaachia sehemu ya mshahara kabla haujakatwa kodi, mwajiri anakukodia gari jipya kwa hela hiyo, na mara nyingi bima, matengenezo na matairi vinakuwemo.

Hesabu yake ina pande mbili. Tuseme unaachia pauni 400 kwa mwezi na unalipa kodi ya mapato ya asilimia 20. Zile 400 zisingeingia mfukoni zote: asilimia 20 ingekwenda kwenye kodi na 8 kwenye National Insurance (bima ya jamii), yaani pauni 112. Mshahara unaopokea unapungua kwa pauni 288 tu. Upande wa pili, gari ni manufaa kutoka kwa mwajiri na lina kodi yake. Chukua thamani ya P11D, ambayo ni bei ya orodha pamoja na VAT na gharama ya kulifikisha, bila ada ya usajili na kodi ya barabara ya mwaka wa kwanza. Izidishe kwa asilimia ya mwaka husika, kisha kwa kiwango chako cha kodi. Kwa gari la umeme asilimia ni 3 kwa mwaka wa kodi 2025/26, 4 kwa 2026/27, 5 kwa 2027/28, 7 kwa 2028/29 na 9 kwa 2029/30.

Gari la P11D pauni 32,000 katika mwaka 2025/26: asilimia 3 ni pauni 960, na asilimia 20 ya hizo ni 192 kwa mwaka, pauni 16 kwa mwezi. Jumla gari linakugharimu pauni 304 kwa mwezi. Kwa kulinganisha, gari la petroli la bei hiyohiyo lenye moshi mwingi hutozwa hadi asilimia 37, ambayo ni pauni 2,368 kwa mwaka kwa mtu yuleyule. Lakini angalia mkataba unapoishia. Ukisaini miaka minne mwaka 2026, mwisho wake uko kwenye asilimia 9, na gari hilohilo litatozwa pauni 576 kwa mwaka. Piga hesabu ya kila mwaka wa mkataba, usipige ya mwaka wa kwanza peke yake. Aliyeko Scotland atumie viwango vya kodi ya mapato vya huko.

Sasa vizuizi. Cha kwanza ni mshahara wa chini wa kisheria: baada ya kuachia hela, kiasi kinachobaki kwa saa hakiruhusiwi kushuka chini yake. Kwa mwaka wa Aprili 2025 kima hicho kwa wenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21, na kuanzia Aprili 2026 ni 12.71. Mtu anayetunza wazee kwa pauni 13.00 kwa saa, saa 37.5 kwa wiki, ana saa 1,950 kwa mwaka. Nafasi aliyo nayo juu ya 12.21 ni peni 79, sawa na pauni 128 kwa mwezi. Kufika Aprili 2026, mshahara wake usipopandishwa, inabaki peni 29, pauni 47 kwa mwezi. Gari la pauni 400 haliwezekani kisheria, na mwajiri anayekukubalia anajitafutia kesi yeye na kukuachia wewe mkataba uliovunjika. Fanya hesabu hii mwenyewe kabla ya kupoteza muda kuchagua gari.

Cha pili ni mambo yanayopimwa kwa mshahara uliopungua. Malipo ya uzazi ya kisheria yanakokotolewa kwa wastani wa mapato ya wiki nane, kwa hiyo dada anayetarajia mtoto asisaini kabla ya kumwuliza mhasibu wa mishahara namba kamili. Benki inayokupa mkopo wa nyumba inaweza kuangalia mshahara baada ya kuachia. Anayeishi kwa viza ya kazi aulize ofisi ya rasilimali watu kwanza, kwa maandishi, kwa sababu mshahara wake umeandikwa kwenye cheti cha udhamini. Na kila mtu asome kipengele cha kuacha kazi: mipango mingine inakuokoa ukifukuzwa au kuugua, lakini ukiacha mwenyewe ndani ya miezi ya mwanzo unalipia kuvunja mkataba.

Cha tatu kinatokea karibu kila mara. Mwajiri anaiarifu HMRC, mamlaka ya kodi, kuhusu gari baada ya robo mwaka, hivyo miezi ya kwanza hukatwi chochote, halafu msimbo wako wa kodi (tax code) unabadilishwa na kukatwa kwa mkupuo. Ukirudisha gari, hali ni hiyohiyo kwa upande wa pili: unaendelea kukatwa kwa gari usilokuwa nalo. Ingia kwenye programu ya HMRC siku ulipokabidhiwa gari na siku ulipolirudisha, uandike mwenyewe tarehe zote mbili.

Umeme unaochaji kwenye kituo cha kazini hautozwi kodi kama manufaa. Ukiwa na nafasi hiyo, itumie.

Dereva wa teksi za mtandaoni na wengine wanaojiajiri

Una njia mbili za kutoa gharama za gari kwenye mapato kabla ya kodi, na ukishachagua kwa gari fulani huwezi kuhama mpaka ubadilishe gari. Njia ya maili: peni 45 kwa kila maili ya kazi hadi maili 10,000, kisha peni 25. Anayeendesha maili 30,000 za kazi anatoa 4,500 na 5,000, jumla pauni 9,500 kwenye mapato yake. Humo kuna kila kitu: umeme, bima, matengenezo, kodi ya barabara, uchakavu. Tozo za kuingia mjini na maegesho ya kazi anaongeza juu yake.

Njia ya gharama halisi ina zawadi moja kubwa. Gari la umeme jipya kabisa, ulilolinunua au kulichukua kwa mkopo wa kumiliki, bei yake yote ya upande wa biashara inatolewa mwaka huohuo. Kwa wanaojiajiri unafuu huu umeongezwa hadi 5 Aprili 2027. La mitumba haliupati: linatolewa kidogokidogo, asilimia 18 ya kinachobaki kila mwaka, na 14 kuanzia Aprili 2026. La kukodi nalo haliupati, ila kodi ya pango unaitoa kwa kadiri ya kazi.

Kosa la kawaida ni kuuchukua unafuu wote kwa sababu upo. Tuseme gari ni pauni 30,000, kazi ni asilimia 80, basi 24,000 zinaweza kutolewa. Faida yako kabla ya hapo ilikuwa pauni 26,000. Ukitoa zote, inabaki faida ya pauni 2,000. Lakini pauni 12,570 za kwanza hazikuwa na kodi hata hivyo, kwa hiyo pauni 10,570 za unafuu umezichoma bure. Isitoshe, faida ikishuka chini ya pauni 6,845 (kiwango cha 2025/26) mwaka huo hauhesabiwi kwenye pensheni yako ya serikali mpaka ulipe kwa hiari pauni 3.50 kwa wiki. Sheria inakuruhusu kudai sehemu badala ya yote. Dai pauni 13,430, faida ibaki 12,570, na kilichobaki kiingie kwenye hesabu ya kupunguza kila mwaka. Na kama unataka mkopo wa nyumba mwaka ujao, kumbuka benki inasoma faida kwenye SA302, muhtasari wa hesabu yako ya kodi kutoka HMRC.

Siku utakapoliuza, hela ya mauzo inarudi kuwa faida. Ulilidai lote, ukaliuza pauni 14,000, asilimia 80 ya hizo, yaani 11,200, zinaongezwa kwenye mapato ya mwaka huo. Iwekee akiba.

Wanaozunguka majumbani kwa gari lao

Mfanyakazi anayetumia gari lake kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine ana haki ya peni 45 kwa maili bila kodi, hadi maili 10,000 kwa mwaka, gari liwe la petroli au la umeme. Safari ya nyumbani hadi kituo chako cha kudumu cha kazi haimo. Mwajiri akilipa peni 25, zile 20 za tofauti unazidai HMRC kwa fomu P87. Maili 6,000 mara peni 20 ni pauni 1,200. Asilimia 20 yake, pauni 240, ndiyo inayorudi mkononi. Unaweza kurudi nyuma miaka minne ya kodi. HMRC sasa inataka ushahidi, kwa hiyo daftari liwe na tarehe, sababu ya safari, msimbo wa posta wa kuanzia na wa kuishia, na maili. Anayechaji usiku nyumbani huwa anabakiwa na sehemu kubwa ya zile peni 45, na hili ni halali yake.

Umeme wenyewe na London

Umeme wa nyumbani una VAT ya asilimia 5; wa vituo vya barabarani asilimia 20. Anayeishi ghorofani bila mahali pa kuchaji anatozwa kiwango cha VAT mara nne ya mwenye uwanja, na hiyo ni dhuluma. Kabla ya kununua, hesabu bei ya kilowati-saa ya kituo unachokitegemea, sio ile ya kwenye tangazo.

Msamaha wa tozo ya msongamano katikati ya London uliisha 25 Desemba 2025. Tangu 2 Januari 2026 tozo ni pauni 18 kwa siku, na gari la umeme linapata punguzo la asilimia 25, yaani pauni 13.50, ila tu kama umelisajili kwenye malipo ya moja kwa moja (Auto Pay) ya TfL, shirika la usafiri la London. Usipolisajili unalipa zote. Tozo ya ULEZ, ile ya magari yenye moshi mchafu, haiyahusu magari ya umeme.

Maili kuanzia 2028

Bajeti ya 26 Novemba 2025 ilitangaza tozo mpya ya peni 3 kwa kila maili kwa magari ya betri kuanzia Aprili 2028, italipwa pamoja na kodi ya barabara. Utakadiria maili za mwaka, kisha mita ya gari itasomwa kwenye MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka, na tofauti kurekebishwa. Maili 8,000 ni pauni 240. Maili 30,000 za dereva wa teksi ni pauni 900. Anayesaini mkopo wa miaka minne au mitano sasa aziweke ndani ya hesabu leo. Na kwa kuwa mita itakuwa na thamani ya hela, ukinunua mtumba linganisha maili za kwenye dashibodi na historia ya MOT iliyo wazi GOV.UK, zisipopatana, ondoka.

Ukilipeleka gari nyumbani

Anayelisafirisha gari kwenda Mombasa au Dar es Salaam kwa mwaka mzima au zaidi anadai kodi ya miezi kamili iliyobaki. Jaza sehemu ya V5C ya kusafirisha nje kwa kudumu, ikate, uitume DVLA Swansea. Badilisha anwani kwanza kama umehama, maana hundi ya marejesho inakwenda kwenye anwani iliyo kwenye rekodi. Sehemu iliyobaki ya kadi usiitume kokote: ndiyo utakayoihitaji kulisajili gari huko liendako.